Mbono, samadi na mwani: niliyojifunza kwenye utafiti wa nishati Pemba

Mpaka mwaka 2010 umeme wa Pemba ulikuwa wa majenereta ya dizeli ya Wesha. Yakizimika, mji wa Chake Chake unaingia giza na barafu za kina mama wanaouza majumbani zinayeyuka. Unguja walikuwa na waya wa chini ya bahari tangu 1980, lakini nao mwaka 2008 walikaa kama mwezi mzima bila umeme, na ulipokatika tena Disemba 2009 haukurudi mpaka Machi. Katikati ya hayo, Julai 2008, bei ya pipa la mafuta duniani ikapanda hadi kukaribia dola 147. Basi walipokuja watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Ulaya wakasema mbono unaweza kuendesha jenereta, hakuna aliyewacheka. Mimi nilikuwa bibi shamba upande wa Micheweni, nikapewa kazi ya kuwaongoza. Tangu hapo nimekuwa nikiingia na kutoka kwenye tafiti za nishati ya mimea. Nyingine zimetufaa, nyingine zimetuacha pale pale, na ninadhani ninajua kwa nini.

Mbono kila Mpemba anaujua. Ni ua wa nyumba, ni alama ya mpaka wa shamba, na unaota makaburini, ndiyo maana wengine huuita mbono kaburi. Ukikata kijiti wakati wa masika ukakichomeka ardhini, kinashika. Utomvu wake hutiwa kwenye kidonda. Mbuzi hawaugusi, na mtoto akitafuna mbegu zake hutapika mpaka nyumba nzima itaharuki. Wageni walituambia kwamba mbegu hizo hizo, karibu theluthi ya uzito wake ni mafuta, na hilo ni kweli. Mafuta hayo ukiyachanganya na methanoli na kostiki kwa kipimo chake, gliserini inakaa chini na juu inabaki dizeli ya mimea. Hapo hakuna ubishi. Ubishi ulikuwa shambani.

Dunia wakati ule ilikuwa na haraka. India ilishaanza mpango wa kitaifa wa jatrofa, ndivyo mbono unavyoitwa kwenye maandishi ya wataalamu, tangu 2003. Umoja wa Ulaya mwaka 2009 ukapitisha sheria kwamba ifikapo 2020 asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke kwenye vyanzo jadidifu. Huko Bara kampuni za kigeni zilikuwa zinapewa maelfu ya hekta Kilwa na Kisarawe. Maandishi mengi ya wakati huo yaliahidi tani tano za mbegu kwa hekta, tena kwenye ardhi duni, bila ya kumwagilia, bila ya mbolea na bila ya kugusa shamba la chakula. Msomaji aliyekaa ofisini Ulaya hakuwa na sababu ya kukataa. Sisi tuliokuwa Micheweni tulikuwa na swali moja tu: ardhi hiyo iko wapi?

Wageni walikuwa na ramani iliyotengenezwa kwa picha za setilaiti. Sehemu kubwa ya maweni, yaani ardhi ya mawe, ya mashariki ilipakwa rangi ya kijivu, maana yake ardhi isiyotumika. Tulikwenda kwa miguu, mimi, wao na sheha, yaani kiongozi wa shehia. Hatukufika mbali tukakuta mbuzi wamefungwa kamba. Mbele kidogo, mama na binti yake wanakata kuni. Tanuri la chokaa lilikuwa linafuka moshi, na pembeni watu wamekaa chini ya makuti wanagonga kokoto. Ukiinama ukatazama baina ya mawe, kila penye kishimo chenye udongo pana kitu kimepandwa: hapa kunde, pale shina la muhogo, pale mpapai. Mkulima wa maweni hana eka moja iliyokaa pamoja. Ana vishimo mia vilivyotawanyika, na anavijua kimoja kimoja kama unavyowajua watoto wa mtaani kwako. Daktari wa chuo aliyeongoza msafara, mtu mwema na msikivu, alisimama, akaitazama ramani yake, kisha akamuuliza sheha ardhi hii ni ya nani.

"Ardhi ni ya Serikali," sheha akamjibu. "Lakini hapa kila jiwe lina mwenyewe."

Jibu hilo lilihitaji maelezo marefu, na nilimpa njiani wakati wa kurudi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar iliwekwa mikononi mwa Serikali, na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Maweni hayakuwa na mvuto kwa ugawaji, kwa hivyo yakabaki ya jamii: malisho, kuni, chokaa na chakula cha mwenye shida. Visiwa vyetu vyote havifiki kilomita za mraba 2,700, na sensa ya 2022 imetuhesabu watu 1,889,773. Nchi yenye watu hivyo haina ardhi ya kijivu. Daktari aliyaandika yote kwenye daftari lake. Ombi la fedha lakini lilishapita, na ndani yake ilishaandikwa kwamba mbono utapandwa kwenye ardhi isiyotumika. Hapo ndipo nilipofahamu jinsi kazi hizi zinavyokwenda: swali huandikwa kwanza, mbali, na mtu anayetaka kupata fedha, na mwenyeji huitwa baadaye kusaidia kulijibu.

Tulipanda. Nilihimiza majaribio yawekwe kwenye kinongo, yaani udongo wenye rutuba, na kichanga pia, sio maweni peke yake, na walikubali. Ninamshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu ndilo lililotupa jibu. Kwenye maweni mbono haukufa, ila ulibaki mfupi na matunda yake ya kuhesabu. Kwenye kinongo ulinawiri ukajaa. Sasa kinongo Pemba ndiyo ardhi ya mikarafuu, migomba na muhogo, na hakuna mwenye akili timamu atakayeng'oa mkarafuu apande mbono. Mmea unaovumilia dhiki si lazima uzae kwenye dhiki. Mkulima yeyote anayajua haya, lakini ilitubidi tuyapime ndipo yasomeke.

Jambo la pili halikuwa kwenye ramani wala kwenye ombi la fedha. Matunda ya mbono hayawivi pamoja. Kwenye kishada kimoja utakuta bichi la kijani, la manjano, jeusi, na jingine limeshakauka linapasuka. Huwezi kukata kishada kizima. Unachagua tunda moja moja, unarudi baada ya siku chache, unachagua tena, na msimu mzima unakwenda hivyo. Ukishachuma unaanika, unabangua, unapepeta. Halafu kwa mashine ndogo ya kukamua, lita moja ya mafuta inataka kama kilo nne au tano za mbegu. Siku moja nilikuwa nimekaa na kina mama tunabangua, bi mkubwa mmoja akaniuliza mafuta hayo yatanunuliwa bei gani. Nikamwambia hayawezi kuzidi bei ya dizeli ya bandarini. Alinyamaza, akageuza mbegu mkononi, akahesabu kwa vidole. "Mwanangu," akasema, "mimi bora nikagonge kokoto."

Hesabu yake ilikuwa sawa. Baadaye kidogo wataalamu wa nchi nyingi walifika hapo hapo alipofika yeye: mavuno halisi ya mbono kwenye ardhi duni yalikuwa chini sana ya ile tani tano, na kazi ya mikono ndiyo iliyomeza faida. Kampuni ya Kisarawe ilianguka mwaka 2011. Nasi Pemba, mwaka 2010 tulishapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa Norway, na hamu ya kulisha majenereta ya Wesha kwa mbegu ikapungua yenyewe.

Utafiti kupata jibu la hapana si aibu. Jibu hilo lilikuwa na thamani kubwa kuliko ndiyo ya uongo. Kinachoniuma mpaka leo ni lilikokwenda. Fedha ziliisha, wageni wakaaga vizuri, mashine ya kukamua ikabaki imefungiwa kwa sababu vipuri vyake havipatikani. Makala ilitoka kwenye jarida ambalo kuisoma unalipia kwa dola. Majina ya watu waliopima mashina kila wiki kwenye jua yaliwekwa mwishoni kwenye mstari wa shukurani, kwa pamoja, kama wasaidizi. Na waliopanda hawakuambiwa kitu. Walikuwepo watu waliopanda mbono zaidi ya tulivyowaomba, kwa matumaini, wakawa wanawangoja wanunuzi. Nilichukua daftari langu la vipimo nikapita kila shehia tuliyofanya kazi, nikaomba mkutano, nikawasomea: kinongo kilitoa hivi, kichanga hivi, maweni hivi, na mnunuzi hayuko. Anayetaka kuubakisha uwe ua, aubakishe. Anayetaka nafasi yake, ang'oe. Niliwaonya pia kuhusu mashudu, kwa sababu palikuwa na mtu aliyekuwa na wazo la kumlisha ng'ombe wake. Mashudu ya mbono ni sumu, ukiyakamua namna gani sumu haiondoki kwa kukamua. Yatie shambani yawe mbolea.

Daftari lile lilikuwa langu, nimelinunua mwenyewe dukani. Fomu za mradi zote zilishakwenda. Tangu siku hiyo nawaambia vijana wote wanaoajiriwa kwenye utafiti wa wageni: nakili vipimo kwenye kitabu chako, kila jioni, hata kama umechoka. Si wizi. Ni kumbukumbu ya shehia.

Nilianza kusoma wapi jambo hili limeshika, maana ilinisumbua kwamba huenda ni sisi tu tulioshindwa. Brazil ilianza mpango wake wa ethanoli mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta kuwaumiza, kwa kutumia miwa waliyokuwa nayo na taasisi zao wenyewe za utafiti wa kilimo. Malawi, nchi maskini isiyo na bahari, inatengeneza ethanoli ya kuchanganya na petroli pale Dwangwa tangu 1982, kutokana na molasi, yaani mabaki ya kiwanda cha sukari kilichokuwepo tayari. Wote hao walishirikiana na wageni, walinunua mitambo ya nje, walisomesha watu nje. Lakini swali lilitoka nyumbani, na mali ghafi ilikuwa imeshafika kiwandani kwa sababu nyingine. Mwanamke wa Malawi hakuambiwa achume tunda moja moja.

Swali letu la nyumbani Pemba lilikuwa lipi? Mimi nilikuwa najua, kwa sababu naingia majikoni. Halikuwa gari wala jenereta. Ilikuwa kuni. Mpishi wa Pemba anapikia kuni za mkaratusi na mikarafuu iliyokufa, anapikia makumbi, vifuu na makuti makavu, na wa mjini anapikia mkaa. Macho yamekuwa mekundu, kikohozi hakimtoki, na msitu unakwenda. Tulipopata nafasi ya kushirikiana tena, safari hii kuhusu bayogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na samadi, niliomba jambo moja kabla ya chochote: tuanze kwa kupima kuni jikoni, kwa mizani, nyumba kwa nyumba, ndipo tuzungumze mtambo.

Katika timu ile alikuwemo fundi kutoka Nepal. Wenzetu wale wana mpango wa bayogesi wa kitaifa tangu 1992 na wamejenga mitambo zaidi ya laki mbili majumbani. Siku ya kwanza hakufungua kompyuta. Aliuliza ng'ombe wanalala wapi. Tukampeleka. Akaona wenyewe wanawafunga kamba mashambani, leo hapa kesho kule, samadi imesambaa. Akachutama, akaichota kwa mkono, akaipima kwa macho, akaniambia kupitia mkalimani kwamba nyumba hii haifai mtambo hata kama wanautaka. Mtambo wa nyumba unataka samadi ya ng'ombe wawili au watatu walioko bandani, kila siku, na maji kiasi hicho hicho ya kuichanganyia. Ng'ombe wa kamba hakupi hivyo, na mwenye kuteka maji mbali hataendelea. Nilimpenda hapo hapo. Mtu aliyekuja kufundisha bayogesi anaanza kwa kukataa mitambo.

Kwa hivyo tulijenga michache, kwa wenye ng'ombe wa maziwa wanaowalisha bandani na wenye kisima karibu. Mtambo wenyewe ni kuba la chini ya ardhi, wa namna ile iliyosambazwa Tanzania na CAMARTEC, kituo cha teknolojia ya kilimo cha Arusha. Yapo mambo madogo ambayo hayamo kwenye kitabu cha mafundi. Mchanga wa pwani una chumvi, usiutumie kwenye kuba. Tafuta wa ndani. Lipu ya ndani ya kuba ipakwe tabaka kwa tabaka bila ya kuacha ikauke ovyo, maana ufa mwembamba kama unywele unatosha kuitoa gesi yote. Gesi ya mwanzo haiwaki, imejaa kaboni dayoksaidi, na mama mwenye nyumba akijaribu kiberiti mara mbili tatu bila ya moto huanza kusema amedanganywa. Muelezeni mapema. Iachieni itoke, ngojeni, na moto utakapokuja utakuwa wa buluu, hauna masizi. Ninamkumbuka mama mmoja aliyegeuza sufuria yake chini juu mbele ya jirani zake, akapitisha kiganja kwenye kitako chake, akawaonesha kiganja kile kitupu. Mkutano wa hadhara wa saa nzima haufanyi kazi hiyo.

Halafu likatokea ambalo sikulitarajia. Majirani wasio na ng'ombe hawakuwa wanaulizia gesi. Walikuwa wanaulizia tope linalotoka upande wa pili wa mtambo. Limeshachachuka, halina nzi, na migomba iliyowekewa ilikuwa inaonekana kutoka barabarani. Tope likawa linaombwa kwa ndoo, likabadilishwa kwa majani ya kulishia ng'ombe. Sisi tulikuwa tunapima gesi kwa mita, na watu walikuwa wanapima ndizi. Tulirekebisha fomu tukaanza kupima vyote. Waliokuja kutoka nje walikubali kubadilisha swali katikati ya safari, na kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa baina ya ushirikiano huu na ule wa mbono. Majina ya wapimaji wetu wawili yaliingia kwenye makala kama waandishi, kwa sababu tulikubaliana hivyo kwa maandishi kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi. Ripoti ya Kiswahili ilisomwa kwa masheha.

Sasa zamu imefika kwa mwani. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara mwaka 1989 kule Paje na Jambiani, na leo ni kazi ya maelfu ya watu Unguja na Pemba, wengi wao wanawake. Huko nje kuna wanaotaka kujua kama mwani unaweza kutoa ethanoli au gesi, kwa sababu haudai ardhi wala maji ya mvua. Barua imekuja kutuomba tushirikiane. Hoja yao ni nzuri, na bahari haina ubishi wa kinongo na maweni. Lakini spinosamu, aina moja ya mwani, ikishakauka ina mnunuzi tayari, anayeitaka kwa ajili ya kuzifanya nzito dawa za meno na vyakula. Bei yake ni ndogo na kina mama wanailalamikia, na atakayeugeuza mwani kuwa mafuta atalazimika kulipa chini ya hapo ili ashindane na petroli. Nani atamuuzia? Kotonii, aina nyingine ya mwani, ndiyo yenye bei nzuri, nayo inakufa bahari inapopata joto. Hatuwezi kumfanya mama aliyesimama majini tangu alfajiri kuwa mchuma mbono wa pili.

Nilikaa na kikundi kimoja cha kina mama nikawasomea barua ile kwa Kiswahili, neno kwa neno. Walisikiliza mpaka mwisho. Kisha mmoja akauliza kama lazima uwe mwani wa kupanda. Kila upepo ukichafuka, kamba zinakatika na mwani mwingi unatupwa ufukweni pamoja na majani ya bahari, unaoza, unanuka, watalii wanalalamika na watoto wanaukanyaga. Huo hauna mnunuzi. Je, huo hauwezi kulishwa kwenye mtambo wa samadi?

Ni swali zuri kuliko lililokuwamo kwenye barua, na ni gumu. Chumvi huwadhoofisha vijidudu vinavyotengeneza gesi, na mwani una salfa inayotoa harufu ya yai bovu na kula chuma cha jiko. Huenda ukiosha kwa maji ya mvua na kuchanganya kidogo kidogo na samadi ukafanya kazi, huenda usifanye. Ndiyo maana pafanywe utafiti.

Niliwajibu wageni kwamba tuko tayari, na nikaandika masharti. Swali la kina mama liwe la kwanza, lao liwe la pili. Kibali cha utafiti cha Zanzibar kipatikane mapema, sio kile cha Bara peke yake, na barua ifike kwa sheha kabla ya gari la mradi. Sampuli ikisafirishwa nje, iandikwe ni ya nini, na isitumiwe kwa jingine bila ya kuulizwa. Vipimo vyote vibaki na nakala hapa. Matokeo, yawe mazuri au mabaya, yasomwe ufukweni kwanza, jaridani baadaye. Mashine yoyote itakayoletwa ije na vipuri na fundi wetu aliyefundishwa kuitengeneza. Na kina mama walipwe saa zao, maana mgeni naye hangojeshwi posho yake.

Wamekubali karibu yote. Kwenye sampuli bado tunaandikiana, kwa sababu chuo chao kina fomu yake na wanasheria wake, nami nimewaambia sina haraka. Ya mizani haihitaji saini ya mtu: bamvua lijalo, maji yakijaa na kupwa sana, tutaanza kupima, kina mama na mimi, mwani unaotupwa ufukweni kwa kila hatua mia, na vipimo tutaviandika kwenye daftari la kikundi.